Sauti Ilivuka Mpaka, Bando Bado Iko Foleni

Kila wiki kuna mtu ananiuliza: "Nikiwa Busia, ninunue laini gani ya intaneti?" Anataka jibu la neno moja. Safaricom, Airtel, ama MTN ya ng'ambo.

Msee wa Nairobi hujibu swali hilo kwa sekunde mbili. Anaangalia bei ya bando, anaangalia kasi, imeisha hiyo. Sisi wa Busia na Malaba hatuwezi, kwa sababu huku simu yako inaweza kuhama nchi ukiwa umekaa kibandani unangoja chapati. Ulikuwa Kenya, umegeukia ukutani, sasa unapokea ujumbe wa kukukaribisha Uganda. Hujavuka. Hujagonga pasipoti. Na bando uliyonunua asubuhi imekaa tu pale, haifanyi kazi.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo usitarajie mhadhara wa profesa. Lakini hii historia nimeifuatilia sana, na maoni yangu ni haya: kuchagua laini mpakani si suala la bei peke yake. Ni suala la mpaka ambao uliondolewa kwa sauti ukaachwa kwa data. Ukijua ulivyoondolewa na nani aliuondoa, utachagua vizuri, na utajua wa kulaumu.

Mpaka wenyewe ulitukuta hapa

Tuanze mbali kidogo, ni dakika moja tu. Kabla ya 1902, hapa Busia palikuwa Uganda. Naivasha nayo ilikuwa karibu na ukingo wa Uganda. Mwaka huo Waingereza walihamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakaupa utawala wa Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo. Mstari ukasogezwa hadi huku kwetu. Waiteso wakabaki pande zote mbili, Amagoro huku na Tororo kule. Wasamia vilevile. Bibi huku, wajomba kule.

Kwa hivyo watu wa hapa wamekuwa wakitafuta njia ya kuuruka huo mstari tangu zamani. Hata neno boda boda ni letu. Vijana wa baiskeli walikuwa wanabeba watu na mizigo kutoka kituo cha mpaka cha nchi moja hadi cha nchi ya pili, wakiita abiria "boda, boda!" Leo neno hilo liko Dar, liko Kigali, liko Juba. Lilizaliwa kwa sababu kulikuwa na kipande cha njia katikati ambacho serikali zote mbili ziliacha bila usafiri, na kijana akaona pesa hapo.

Shika hilo wazo. Litarudi.

Uganda walitutangulia

Watoto wa 2000 kama mimi tunadhani Kenya ndiyo imekuwa mbele siku zote kwa mambo ya simu. Wapi! Celtel iliingia Uganda 1995. MTN ikaja Oktoba 1998 na kuanza kuuza laini kwa watu wa kawaida. Wakati huo Kenya simu ya mkononi ilikuwa ya wakubwa tu. Kwetu mambo yalifunguka 2000, Kencell ikaanza Agosti na Safaricom ikafuata Oktoba.

Vita yao ya kwanza ni somo zuri kwa yeyote anayechagua laini mpaka leo. Kencell ililipisha kwa dakika. Ukiongea sekunde 10, umelipa dakika nzima. Safaricom ikalipisha kwa sekunde. Kwa mtu wa suti hiyo si kitu. Kwa mama wa mitumba anayetaka kusema tu "mzigo umefika" na kukata, ni kila kitu. Safaricom ilishinda mama huyo, na ikishinda mama huyo, imeshinda soko.

Kampuni iliyoelewa mtu wa kawaida anavyotumia simu ndiyo ilipata watu. Kumbuka hilo ukiona tangazo linakuimbia kasi.

2006: kampuni iliyofuta mpaka

Sasa hapa ndipo stori inakuwa tamu.

Kencell ilibadilishwa jina ikawa Celtel mwaka 2004. Celtel ilikuwa Kenya, ilikuwa Uganda, ilikuwa Tanzania. Septemba 2006 wakaanzisha kitu kinaitwa One Network. Ukitoka Kenya na laini yako ukaingia Uganda, unapiga kwa bei ya mwenyeji. Ukipigiwa, hulipi. Ukiishiwa na kredo, unanunua kadi ya kukwaruza hapo hapo ulipo, unaijaza kwenye laini yako ya nyumbani. Mwaka uliofuata wakaongeza nchi nyingine, zikiwemo Kongo zote mbili na Gabon.

Fikiria hiyo ilimaanisha nini kwa dereva wa lori anayetoka Mombasa kwenda Kampala. Kabla ya hapo, kufika Malaba kulimaanisha kutoa laini, kuweka nyingine, kupoteza ile ndogo chini ya kiti. Ghafla namba yake ni ileile safari nzima. Ulaya wakati huo watu walikuwa bado wanalipia roaming kwa bei ya kuumiza. Umoja wa Ulaya ulimaliza gharama hizo kwa wananchi wake 2017. Sisi tulikuwa tumeanza miaka 11 mbele yao.

Safaricom haikukaa kimya. Ilishirikiana na MTN ya Uganda na Vodacom ya Tanzania kwa mpango ulioitwa Kama Kawaida. Maana yake, washindani walilazimishana kuuondoa mpaka. Hakuna rais aliyetia sahihi. Hakuna kongamano. Ni kampuni mbili zinazopigania wateja waleule.

Celtel baadaye ikawa Zain 2008, halafu 2010 Bharti ya India ikainunua ikawa Airtel. Majina manne, namba ileile. Ukikutana na mzee wa Malaba ambaye bado anaita laini yake "Celtel", usimcheke. Yeye alinunua kitu kilichofanya kazi pande zote mbili, na jina hilo likabaki kichwani.

2009: waya unapita mlangoni kwetu

Mpaka 2009, intaneti yote ya Afrika Mashariki ilikuwa inategemea satelaiti. Ndiyo maana saiba zilikuwa zinalipisha kwa dakika na picha moja inafunguka kutoka juu kwenda chini kama pazia. Halafu nyaya za chini ya bahari zikafika Mombasa: TEAMS na SEACOM mwaka huo wa 2009, EASSy mwaka uliofuata. Hapo ndipo modemu za kuchomeka kwenye laptopu zilianza kuwa kitu cha mwanafunzi, si cha ofisi pekee.

Lakini angalia ramani. Uganda haina bahari. Intaneti yake kubwa inatoka pwani yetu, inapanda barabara pamoja na malori, na inaingia Uganda kupitia sehemu za mpakani kama Malaba na Busia. Yaani unapokaa hapa ukilalamika kwamba "mtandao uko chini", kuna nyuzi za kioo karibu na wewe zinazobeba WhatsApp ya nusu ya Kampala.

Hii si mzaha tu. Juni 25, 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, intaneti ya Kenya ilivurugika. Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina mpango wa kuzima. Safaricom ikasema tatizo lilikuwa kwenye nyaya za chini ya bahari. Wewe amini unachoamini. Lakini Uganda na Burundi nao walilegea siku hiyohiyo. Waya ni mmoja. Kenya ikipiga chafya, Tororo wanashika leso.

2014: marais wakafuata, lakini nusu njia

Serikali zilikuja kuamka miaka 8 baada ya Celtel. Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini, kupitia mpango wa Ukanda wa Kaskazini, zikakubaliana kuhusu eneo moja la mtandao. Kuanzia mwisho wa 2014, kupiga simu kutoka nchi moja kwenda nyingine kukawekewa kikomo cha senti 10 za dola kwa dakika, kama bob 10 hivi. Ukiwa umesafiri, kupokea simu ni bure.

Hii ilikuwa kubwa, tusidanganyane. Kupigia shangazi wa Tororo kulikuwa kama kupigia mtu wa ng'ambo ya dunia, ingawa unaona mwamba wa Tororo kwa macho ukiwa Malaba.

Sasa angalia tarehe. Ni mwisho wa 2014. Desemba mwaka huohuo Safaricom ikazindua 4G. Yaani siku zile marais wanafungua mpaka wa sauti, vijana walikuwa wameshaanza kuhama sauti. Tulihamia WhatsApp, tukahamia YouTube, baadaye TikTok. Na makubaliano yale ya senti 10 yalihusu sauti. Data haikuingia kwenye bei hiyo. Kila kampuni ikabaki kujipangia bei yake ya data ukivuka.

Hapo ndipo naona tulipigwa. Walitufungulia mlango wa chumba ambacho tulikuwa tunatoka.

Februari 2018 Uhuru na Museveni wakaja Busia kuzindua kituo cha pamoja cha mpaka. Lori linakaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Safi kabisa. Ndizi ikapata njia yake ya mkato. Saruji ikapata. Megabaiti za kijana anayeuza viatu mtandaoni hazikupata.

Kodi na swichi

Kuna mambo mawili ambayo hayaandikwi kwenye bango la bando, na kwa mtu wa mpakani ni makubwa kuliko bei.

La kwanza ni kodi. Julai 1, 2018, Uganda ilianza kutoza shilingi 200 zao kwa siku kwa yeyote anayetumia WhatsApp, Facebook, Twitter na nyingine za aina hiyo. Wakati huo ni kama bob 5 zetu. Kidogo? Zidisha kwa mwezi halafu fikiria mtu anayenunua bando za siku moja moja. Watu wakakimbilia VPN. Julai 2021 wakaiondoa, wakaweka asilimia 12 moja kwa moja kwenye bando.

Usicheke Waganda. Mwaka uleule wa 2018 Kenya nayo iliweka ushuru wa asilimia 15 kwenye data. 2021 ukapanda hadi 20, 2023 ukarudi 15. Na VAT iko juu yake. Tofauti ni kwamba ushuru wetu umefichwa ndani ya bei, wa OTT ulikuwa unakutazama usoni kila asubuhi. Ukilinganisha bando ya Busia Kenya na ya Busia Uganda, unalinganisha serikali mbili, si kampuni mbili tu.

La pili ni swichi. Februari 2016, siku ya uchaguzi Uganda, mitandao ya kijamii ilizimwa na hata pesa za simu zikasimama. Januari 2021 ikawa mbaya zaidi. Usiku wa tarehe 13, kabla ya kura ya tarehe 14, intaneti yote ilizimwa, ikarudi tarehe 18. Facebook ikaendelea kufungwa.

Sasa fikiria upande wa pili wa barabara. Minara ya Kenya haikuzimwa. Mawimbi ya redio hayajui uhamiaji. Mtu aliyekuwa karibu na mpaka na laini ya Kenya mfukoni aliendelea kama kawaida, na mwenzake mita chache kutoka hapo mwenye laini ya Uganda pekee alikuwa gizani siku 5. Kama kazi yako iko mtandaoni, siku 5 ni kodi ya nyumba.

Na kabla hujasema "Kenya hatuwezi fanyiwa hivyo": Novemba 2024 Telegram ilifungwa Kenya wakati wa mitihani ya KCSE. Sababu ilikuwa wizi wa mitihani, sawa. Lakini swichi ipo, na kuna mkono juu yake.

Basi uchague nini?

Nimekupitisha historia yote hii ili tufike hapa. Haya ndiyo ninayomwambia kila anayeniuliza.

Anza na mahali unapolala, si mahali unapopiga picha. Laini bora ni ile inayoshika vizuri ndani ya nyumba yako usiku. Azima simu ya jirani mwenye laini unayoitaka, kaa nayo chumbani, fungua video. Hiyo ndiyo tangazo la kweli. Busia mjini na Bumala ni kaunti moja lakini si mtandao mmoja.

Halafu funga mlango wa roaming. Simu hushikilia mtandao wa nyumbani mpaka ipoteze mawimbi. Ukiwa ndani ya jengo lenye kuta nene karibu na mpaka, inatafuta chochote, na mnara ulio karibu unaweza kuwa wa nchi nyingine. Nenda kwenye mipangilio, zima data ya roaming, na uchague mtandao wako mwenyewe badala ya kuacha simu ichague. Kazi ya dakika moja.

Angalia bando inakufa lini. Kenya tulilala na bando za kuisha usiku wa manane kwa miaka, hadi Oktoba 2019 Safaricom ilipoleta zisizo na tarehe ya mwisho, baada ya malalamiko mengi na hata kesi. Uganda nazo zipo. Kwa mtu anayevuka kila siku, hiyo ni muhimu kuliko ukubwa. Bando ya siku moja ukishinda ng'ambo hadi jioni ni pesa uliyotupa. Isiyokufa inakungoja kama rafiki mzuri.

Fuata pesa zako. M-PESA ilianza Machi 2007, MTN Uganda wakaja na yao 2009. Wengi wetu hatuko Safaricom kwa sababu ya intaneti, tuko huko kwa sababu mteja analipa huko. Tangu Aprili 2011 unaweza kuhama mtandao Kenya na namba yako, na karibu hakuna anayehama. Sababu ndiyo hiyo. Basi tenganisha. Laini ya pesa ikae ya pesa. Laini ya data iwe yoyote yenye bei nzuri. Simu nyingi za leo zina nafasi mbili, zitumie.

Ukinunua laini ya Uganda, isajili kwa hati zako mwenyewe. Najua kuna msee stage atakuambia "nitakuwekea kwa kitambulisho changu." Siku laini ikifungwa, ama ikitumika vibaya kabla haijafika kwako, hutakuwa na la kusema. Namba si yako, pesa iliyomo pia si yako.

Kwa hivyo jibu langu fupi: ukiishi huku na kuvuka mara moja moja, laini mbili za Kenya zinatosha. Ukivuka kila siku ama ukifanya biashara pande zote, moja ya Kenya na moja ya Uganda. Dereva wa safari ndefu hana ujanja, anahitaji laini ya kila nchi anayolala. 2020, wakati wa Korona, madereva walikaa kwenye foleni ya makumi ya kilomita kuelekea Malaba wakisubiri vipimo. Kwa mtu aliyelala kwenye lori siku kadhaa, bando ndiyo ilikuwa nyumba.

Lakini laini mbili si suluhisho

Naomba usichukue ushauri huu kama ushindi. Laini mbili ni baiskeli ya boda boda. Ni ujanja wetu wa kujaza kipande ambacho serikali zimeacha katikati. Unanunua bando mbili, unalipa kodi mbili, unakumbuka PIN mbili, ili ufanye kitu kimoja, ambacho ni kuongea na mteja wako aliye umbali wa kutembea.

Tayari tunajua inawezekana. 2006 kampuni moja ilifanya kwa sababu ilitaka wateja. 2014 serikali nne zilifanya kwa sauti, na hakuna nchi iliyofilisika. Kilichobaki ni data, na data ndiyo maisha ya mtu wa miaka 20 leo. Kazi yake, shule yake, duka lake, wote wako humo.

Mara nyingine mbunge ama gavana akija hapa kutuambia kuhusu ushirikiano wa Afrika Mashariki, usimuulize kuhusu bendera. Muulize bando ya Busia itafanya kazi lini mita 200 kutoka ilikonunuliwa.